Hapa Ni Kwenu

Mzee Feruzi Mwinjaka hakuwa na pasipoti. Hakuwa na hati ya kiwanja, kwa sababu babu yake alipofika pale na kuanza kufyeka, ofisi ya kutoa hati ilikuwa bado haijazaliwa. Hakuwa na tai, ila ile ya kuazimwa na serikali siku za wageni, ambayo alitakiwa kuirudisha kabla jasho halijakauka. Hakuwa na shahada. Alisoma shule ya usiku akiwa tayari na ndevu, na shule ya usiku katika nchi ile ilitoa elimu lakini haikutoa vyeti. Hakuwa na mtoto Wizarani wala shemeji Ikulu. Mke alikuwa naye zamani, Bi Mwatime, lakini sasa Bi Mwatime alilala nyuma ya jiko, chini ya mawe meupe, pembeni ya chemchemi aliyokuwa akichota maji tangu alipoolewa.

Zaidi ya yote, Mzee Feruzi hakuwa na kinyongo. Hicho alipewa na serikali baadaye, na ndicho kitu pekee serikali ilichowahi kumpa bila kumpangisha foleni.

Nchi yenyewe hatutaitaja. Si kwa woga. Jina lake limesajiliwa kuwa nembo ya maji ya chupa, na anayelitamka bila idhini ya wenye nembo anashitakiwa. Tutasema "nchi ile", na msomaji tafadhali asianze kuchungulia dirishani.

Alichokuwa nacho Mzee Feruzi ni sauti. Ilikuwa sauti nene, yenye joto, ambayo mtu akiisikia anavua viatu kabla hajaambiwa. Kwa ajili ya sauti hiyo serikali ilimpa cheo cha Mkaribishaji wa Taifa. Kila ndege ya wakubwa ilipotua, Mzee Feruzi alivalishwa tai, akasimamishwa mbele ya kipaza sauti, akawakaribisha wageni kwa niaba ya watu wote.

Katika nchi ile mgeni hakaribishwi kwa neno moja. Neno moja ni la kumwambia mgambo. Mgeni wa heshima anaambiwa karibu, kisha karibu sana, kisha hapa ni kwenu, jisikie uko nyumbani. Na mgeni mwenye adabu hujibu: ahsanteni, na nyinyi karibuni kwetu. Baada ya hapo kila mtu anaelewa kwamba mgeni atakunywa chai, atasifia watoto, ataondoka. Tangu nchi ile iumbwe, hakuna mgeni aliyewahi kuuliza funguo ziko wapi.

*

Siku utandawazi ulipowasili, shule zilifungwa ili watoto wakaupungie bendera.

Ulishuka kwenye ndege nyeupe, umevaa suti ya kijivu, na jina lake lilikuwa Bwana Orsteni, mwenye Kampuni ya Dunia Moja. Nyuma yake walishuka wanasheria wake, wengi kuliko mabegi.

Aliyeanza kuhutubia ni Waziri wa Mambo ya Wageni, Mheshimiwa Daktari Sekiboko. Tumbo lake lilifika kwenye jukwaa mapema, likamsubiri.

"Ndugu wananchi!" akanguruma. "Mmeniuliza mara nyingi, Mheshimiwa, utandawazi ni nini? Leo nawajibu! Ligaweni neno hilo mtaona. Ni kutanda, na ni wazi. Wao watatanda, sisi tutakuwa wazi!"

Watu wakapiga makofi, kwa kuwa walikuwa wameletwa kupiga makofi.

"Dunia imekuwa kijiji kimoja! Na sisi hatukubali kukaa pembezoni mwa kijiji. Tutakaa katikati, pale penye kisima!"

"Kisima chenyewe si ni chetu?" akauliza Bi Chiku. Huyu alikuwa jirani wa Mzee Feruzi, muuza vitumbua, mwanamke aliyepewa ulimi bila breki. "Na kama dunia ni kijiji, mbona mwanangu alinyimwa viza ya kwenda nyumba ya pili?"

"Wewe mama, nyamaza," mgambo akamwambia.

"Nimenyamaza. Ni mdomo tu ndio unaosema."

Ndipo Mzee Feruzi akapanda. Maneno alikuwa ameandikiwa na Waziri kwenye karatasi, lakini hakuyahitaji. Yalikuwa maneno ya kwao. Akaachia sauti.

"Karibuni, wageni wetu. Karibuni sana. Hapa ni kwenu. Nyumba yetu ni nyumba yenu, na maji yetu ni maji yenu. Jisikieni mko nyumbani."

Mwanasheria mmoja akainua kidole. Mwingine akabonyeza kinasa sauti.

Bwana Orsteni naye alikuwa amefundishwa njiani cha kujibu. Akachukua kipaza sauti, akakohoa, akasema taratibu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe: "Ahsanteni. Na nyinyi... kalibuni... kwetu. Wote. Kwetu ni kwenu."

Uwanja ukalipuka kwa vigelegele. "Kajua!" wakapiga kelele. "Kajua kuliko Waziri!" Kamera za nchi yake na za nchi ile zote zilikuwa zimewashwa, na Kampuni ikaona maneno yale yamependeza mno. Baadaye ikayachapa kwenye kila chupa ya maji iliyoiuza duniani, pamoja na picha ya Bwana Orsteni akitabasamu mbele ya jumba lake lililopo kando ya ziwa: *Na nyinyi karibuni kwetu. Kwetu ni kwenu.*

*

Mgeni alikunywa chai, akasifia watoto. Kuondoka ndiko kulikosahaulika.

Mwaka haujaisha, Kampuni ikaishitaki nchi ile kwenye Mahakama ya Makubaliano ya Ulimwengu, inayokaa katika mji wa baridi, ndani ya hoteli. Hoja ya Kampuni ilikuwa fupi. Tuliambiwa hapa ni kwetu. Mbona kuna watu wengine humu?

Serikali ikapeleka ujumbe mzito, wake za mawaziri wakiwemo, kwa kuwa nao ni sehemu ya ushahidi. Mheshimiwa Sekiboko akasimama kujitetea.

"Waheshimiwa majaji, yale yalikuwa maneno ya adabu tu."

Jaji mkuu akamtazama juu ya miwani. "Kwa hiyo, Mheshimiwa, katika nchi yako maneno ya adabu ni ya uongo?"

Hapo ndipo nchi ilipoondoka. Mtu mwingine angekohoa, angeomba maji, angejifanya hajasikia tafsiri. Lakini Waziri aliguswa kwenye heshima, na wake za mawaziri walikuwa wanatazama.

"Uongo?" akafoka. "Sisi hatusemi maneno ya mdomoni! Kila neno la makaribisho linalotamkwa na Mkaribishaji wa Taifa ni la kweli tupu, na nchi nzima iko nyuma yake!"

Ujumbe wote ukasimama, ukapiga makofi.

Hukumu ikasomwa kabla ya chakula cha mchana: neno la makaribisho likitamkwa hadharani na mtu mwenye mamlaka, mbele ya mashahidi, na likapokelewa, ni mkataba unaofunga pande zote, mahali popote ulimwenguni.

Waziri aliporudi alishangiliwa uwanja wa ndege. "Tumeshindwa," aliwatangazia wananchi, "lakini lugha yetu imetambuliwa kimataifa!"

*

Wiki ile ile wananchi waligawiwa kadi za rangi ya chungwa zilizoandikwa MGENI. Waliambiwa wazivae shingoni, watembee kando ya barabara, na wasiguse vitu. Bendera ilibaki, ila katikati yake pakawekwa chupa. Mawaziri hawakuhangaika; Kampuni iliwaajiri wote, na Mheshimiwa Sekiboko aliongezewa cheo cha Mratibu wa Furaha ya Wageni.

Bunge nalo halikukaa bure. Baada ya kutafakari kwa kina chanzo cha msiba, liligundua kwamba kosa lilikuwa ukarimu. Likapitisha Sheria ya Kudhibiti Ukarimu, iliyopiga marufuku neno "karibu" kwa sauti, kwa maandishi na kwa ishara ya mkono. Mtu akipiga hodi, mwenye nyumba alitakiwa kujibu: "Taja shida yako ukiwa hapo hapo."

Bi Chiku akaendelea na biashara yake kama kawaida, ila tangazo alilibadilisha. "Vitumbua vipo!" alipaza sauti asubuhi. "Vya moto! Lakini sikuiti!"

Mzee Feruzi yeye alinyang'anywa cheo. Redio ya taifa ilimtaja kuwa mtu aliyegawa nchi kwa mdomo. Waliomzomea sokoni walikuwa wachache, kwa kuwa wengi walimjua. Alikwenda nyumbani, akateka maji kwenye chemchemi, akamwagilia mrehani juu ya kaburi la mkewe. Hakumlaumu mtu. Alidhani ni kosa lililotokea, nalo litanyooshwa na watu wazima.

Kisha akaja Bwana Nyange.

*

Bwana Nyange alikuwa Afisa wa Masuala ya Wenyeji wa Zamani. Mtu mpole, kichwa kimeng'aa, kalamu sikioni. Alisimama mlangoni akapiga hodi.

"Kari—" Mzee Feruzi akaumeza mwisho wa neno. "Taja shida yako ukiwa hapo hapo."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Bomba la maji la Kampuni litapita hapa. Nyumba inatakiwa iwe imeondoka kabla ya masika." Akatembea mpaka nyuma ya jiko, akasimama mbele ya mawe meupe. "Na huyu ni nani?"

"Mke wangu."

"Yuko hapa kwa kibali gani?"

"Alikuja kwa posa."

"Nina maana sasa hivi, mzee wangu. Anakaa hapa kwa kibali gani?"

"Bwana, amekufa!"

"Kufa si kibali," alisema Bwana Nyange kwa huruma kabisa. Akatoa kalamu sikioni, akabandika kikaratasi cha rangi ya chungwa juu ya jiwe la kichwani: MGENI ALIYEPITISHA MUDA. AONDOLEWE. "Usinichukie, mzee. Mimi natekeleza tu."

Alipoondoka, Mzee Feruzi alisikia kitu kikimwingia kifuani. Kilivua viatu, kikatazama huku na huku, kikakaa. Kilikuwa kinyongo. Hakukikaribisha, kwa kuwa sheria ilikataza, lakini alikisogezea kiti.

*

Alikwenda kwanza kwa Waziri, kama mtu mstaarabu. Alimkuta anakula korosho chini ya picha ya Bwana Orsteni.

"Mzee wangu!" alisema Waziri bila kuinuka. "Umekuja kutugawa tena?"

"Mheshimiwa, nimekuja kuhusu kaburi la mke wangu. Nyumba chukueni, sitaki ugomvi. Mwacheni yeye alale."

"Nyumba, kaburi, yote ni ya Kampuni. Wewe si ndiye uliyesema?"

"Nilisema maneno uliyoniandikia."

"Nilikupa maneno, sikukupa sauti ile! Ungesema kwa sauti ndogo, mahakama isingesikia." Akacheka, maganda ya korosho yakamtoka. "Tatizo lenu nyinyi wa shule ya usiku ni hilo. Ungesoma mchana kama wenzako, ungejua mambo ya dunia."

"Kweli, Mheshimiwa. Mimi nimezoea kutafuta vitu gizani."

"Basi hapa hutapata kitu. Hukumu ni hukumu. Inafunga pande zote, mzee. Zote!"

Mzee Feruzi alikuwa ameshainuka. Akakaa tena.

"Pande zote, Mheshimiwa?"

"Zote! Mahali popote ulimwenguni! Nilikuwepo, nilisikia kwa masikio yangu." Waziri akapunga mkono. "Kama una kilio, mwandikie Bwana Orsteni mwenyewe, huko kwake ziwani. Mshukuru kwanza, anapenda kushukuriwa. Barua ipite hapa kwangu nigonge mhuri."

"Ahsante sana, Mheshimiwa," akasema Mzee Feruzi. Alisema kwa ile sauti yake ya uwanja wa ndege, yenye joto lote, na Waziri akajikuta amevua viatu chini ya meza bila kujua kwa nini.

*

Bi Chiku alikuwa anachoma vitumbua wakati Mzee Feruzi alipokuja kusimama karibu na jiko lake, ameshika chupa ya maji ya Kampuni.

"Wewe, Feruzi, unakunywa maji ya kununua na chemchemi iko uani kwako? Umechanganyikiwa?"

"Nisomee hapo ubavuni."

Bi Chiku akafuta mikono, akasogeza chupa mbali na macho. "Na nyinyi kari... toba! Unataka nifungwe?"

"Nani alisema maneno hayo?"

"Si yule wa suti. Hadharani, dunia nzima inaona."

"Ana mamlaka?"

"Kampuni si yake?"

"Na mashahidi?"

"Mimi nilikuwepo, nilinyamazishwa na mgambo." Kitumbua kikaanza kuungua. Bi Chiku hakukigeuza. "Feruzi. Ngoja kwanza. Unataka kusema yule baba alitupa kwake?"

"Kwa hukumu yake mwenyewe. Tulipewa, tukapokea kwa vigelegele. Akikataa kutufungulia mlango, amekiri kwamba maneno ya makaribisho hayafungi mtu, na hukumu yao imekufa. Nyumba zetu zinarudi na Mwatime anabaki alipolala. Akikubali, tunahamia."

Bi Chiku aliangalia tena picha ya jumba kwenye chupa: nguzo, bustani, mashua ndogo nyeupe. Akatabasamu tabasamu ambalo mumewe marehemu aliliogopa.

"Mimi nataka chumba kinachotazama ziwa," akasema.

Habari ilienda nyumba kwa nyumba kabla vitumbua havijapoa. Kila mtu alikuwa na chupa, na kila chupa ilikuwa ushahidi. Mchana ule ule Mzee Feruzi alikaa barazani, akaandika kwa mwandiko wa shule ya usiku, ulionyooka kama safu ya askari:

"Kwa Bwana Orsteni, na nakala kwa Mahakama ya Makubaliano ya Ulimwengu.

Natumaini hujambo, na watu wa nyumbani kwako hawajambo. Sisi hatujambo, ila tumekuwa wageni.

Bwana, siku ulipotutembelea ulitutamkia maneno matamu, ambayo umeyachapa kwenye chupa zako na ambayo sheria ya hapa inanikataza kuyarudia. Kwa muda mrefu hatukuyajibu. Tunaomba radhi kwa utovu huo wa adabu. Sasa tunayajibu. Tumeyapokea. Tunakuja.

Ulisema 'wote', basi tunakuja wote. Usihangaike na viza, kwani mtu haombi viza kwenda kwake. Bi Chiku amekwisha chagua chumba cha upande wa ziwa. Atahitaji mahali pa kuweka jiko, na moshi wake ni mwingi. Kwaya ya mtaa itafanya mazoezi sebuleni. Mbuzi watakaa bustanini mpaka bustani iishe. Wewe na familia yako mnaweza kuendelea kuwepo. Tutawapa kadi za rangi ya chungwa mzivae shingoni. Tutaomba mtembee kando na msiguse vitu.

Marehemu mke wangu, kwa kuwa amefukuzwa hapa kwa kosa la kupitisha muda, atapumzika nyuma ya jiko lako. Nitakuonyesha mahali. Mawe ya kaburi yatabebwa na Mheshimiwa Daktari Sekiboko, aliyeiapia Mahakama kwamba sisi hatusemi maneno ya mdomoni. Ni mazito, lakini ana mwili.

Kama kuna jambo katika barua hii hulitaki, sema tu kwamba maneno yale yalikuwa ya adabu. Mahakama itakusikia, na sisi tutabaki kwetu. Hata hivyo tumeanza kufunga mizigo.

Feruzi Mwinjaka, aliyekuwa Mkaribishaji wa Taifa."

*

Barua zote za ng'ambo zilipitishwa Wizarani kwenye mashine iliyonunuliwa ughaibuni, yenye kazi ya kutafuta neno moja tu. Ilimeza barua ya Mzee Feruzi na nakala yake, ikatafuna, ikatafakari, ikawasha taa ya kijani. Neno la hatari halikuwemo.

Waziri alipoona kijani hakuwa na sababu ya kusoma. Alikuwa msomi wa mchana. Alijua kwamba kusoma ni kazi ya mashine.

"Umemshukuru?" akamuuliza Mzee Feruzi, aliyekuwa akisubiri mbele ya meza.

"Nimempokelea ahadi zake zote, Mheshimiwa."

"Vizuri sana. Umeniweka na mimi?"

"Nimekuweka, Mheshimiwa. Mahali pazito."

Waziri alifurahi. Akaandika kwa mkono wake chini ya kila nakala: *Nimesoma na naunga mkono kila neno, kwa niaba ya Taifa zima.* Akatia saini yenye mikia. Kisha, ili Bwana Orsteni aone namna Wizara inavyomjali, akaagiza lakiri nyekundu iyeyushwe, ikadondoshwa juu ya bahasha zote mbili, na yeye mwenyewe akaigandamiza nembo ya nchi kwa uzito wake wote, mpaka meza ikalia.

"Imefungwa," alisema akihema.

"Pande zote," alisema Mzee Feruzi.

Posta, nyuma ya dirisha la barua za ng'ambo, alikaa mama mmoja aliyevaa kadi yake ya chungwa kama wenzake. Nyuma ya Mzee Feruzi walisimama Bi Chiku na sufuria yake, kwaya ya mtaa, na watu wenye vifurushi na magodoro, foleni mpaka nje barabarani. Mbuzi mmoja alikuwa ameshaanza kula tangazo la Kampuni.

Mama wa Posta akapima bahasha, akazibandika stempu, akazigonga mhuri wa tarehe, akazitupa kwenye gunia la ndege ya mchana. Gunia likachukuliwa saa ile ile.

"Mzee," akauliza, macho yakiwa kwenye ile foleni, "utakuja kufuata jibu hapa, au tukuletee nyumbani?"

"Msihangaike, mama," alisema Mzee Feruzi. "Jibu tunalifuata wenyewe."